Waulizwe Walio Jirani na Kisima

Tarehe 4 Novemba 2014 wakazi wa Denton, mji wa Texas nchini Marekani, walipiga kura kuamua kama frakingi, yaani kupasua mwamba ili kutoa gesi, iendelee ndani ya mipaka ya mji wao. Karibu asilimia 59 walikataa. Watu hawa walikuwa wanaijua gesi. Mji wao umekaa juu ya mwamba wa Barnett, ule ule ambao kampuni ya George Mitchell iliuhangaikia miaka mingi mpaka ikapata njia ya kutoa gesi yake kwa faida, na siku ya kura Denton ilikuwa na visima zaidi ya mia mbili.

Tumeanza na Denton kwa sababu ya kauli moja iliyozoeleka mno: kwamba wananchi wakipinga mradi wa nishati, basi hawajaelimishwa. Kauli hiyo ni ya uongo, na toleo hili linakusudia kuipinga.

Kazi yenyewe inaelezeka. Maji, mamilioni ya lita kwa kisima kimoja, huchanganywa na mchanga na kemikali, kisha husukumwa chini kwa shinikizo kubwa mpaka mwamba upasuke. Chembe za mchanga huzuia nyufa zisijifunge, gesi ikapata pa kupita. Aliye mbali huyaona matokeo kwenye bili yake. Aliye jirani huona malori yakipishana mchana na usiku, na hujiuliza yale maji machafu yanayorudi juu yatamwagwa wapi.

Halmashauri ya Denton ilijaribu kwanza njia ya upole. Mwaka 2013 iliagiza visima vikae futi 1,200 kutoka kwenye makazi, yaani mita 365 hivi. Kampuni zikajibu kwamba vibali vyao vilitangulia agizo hilo, zikaendelea kuchoronga karibu na nyumba za watu. Tena Texas haki ya kilicho chini ya ardhi huweza kuuzwa mbali na kiwanja chenyewe, kwa hiyo mtu anaweza kumaliza kulipia nyumba yake na asipate hata senti ya mrabaha wa gesi inayotolewa chini ya kitanda chake. Kura ya Novemba ilikuja baada ya hayo yote. Kesi zikafunguliwa mara moja. Mei 2015 Gavana Greg Abbott akatia saini sheria inayozuia miji ya Texas kupiga marufuku frakingi, na mwezi uliofuata halmashauri ikaifuta marufuku yake yenyewe.

Uingereza mambo yalikwenda hivyo hivyo, ila mwisho wake ukawa tofauti. Mwaka 2015 Halmashauri ya Kaunti ya Lancashire ilikataa maombi ya kampuni ya Cuadrilla kuchoronga katika eneo la Preston New Road; mwaka uliofuata Waziri Sajid Javid akautengua uamuzi huo kutoka London. Kazi ikaanza Oktoba 2018. Agosti 2019 likapita tetemeko la ukubwa wa 2.9, na Novemba serikali ikaisimamisha frakingi. Utafiti wa maoni wa serikali yenyewe unaonyesha wananchi walivyobadilika. Miaka ya mwanzo waungaji mkono waliwazidi wapinzani kidogo. Kufikia 2019 waliounga mkono walikuwa asilimia 12, waliopinga 40, na waliosema wanaielewa vizuri frakingi ndio walioegemea zaidi upande wa kupinga. Karibu nusu ya nchi haikuwa na upande, na hilo halishangazi: kisima hakiko mtaani kwao. Wastani wa taifa hauwezi kusema kwa niaba ya mtu ambaye kuta za nyumba yake zimetikisika. Waziri Mkuu Liz Truss alipojaribu kuirudisha frakingi mwaka 2022, aliahidi ridhaa ya wenyeji, lakini namna ya kuipima ridhaa hiyo haikuwekwa wazi, na baada ya kujiuzulu kwake mrithi wake, Rishi Sunak, akairejesha marufuku.

In Salah, mji wa jangwani nchini Algeria, nao umeishi na gesi kwa miaka mingi. Kisima cha majaribio ya frakingi kilipochorongwa jirani nao, wakazi, wanawake kwa wanaume, walijaa uwanjani kuipinga kuanzia Januari 2015 na kukaa miezi. Walitetea maji ya chini ya ardhi, kwa kuwa mji huo hauna mengine.

Faida zipo, na zimeandikwa kwa haki katika kurasa zinazofuata: ajira, mrabaha kwa wenye haki ya madini, na Marekani kuwa msafirishaji mkubwa wa gesi duniani. Anayezikubali ana sababu zake. Sisi tunachodai ni kwamba aliye jirani na kisima aulizwe kabla mtambo haujafika, na jibu lake liwe na nguvu.

Kwetu Tanzania, gesi ya Songosongo na Mnazi Bay haihitaji kupasuliwa mwamba. Hata hivyo Mtwara iliandamana mwishoni mwa 2012 kuhusu bomba la kwenda Dar es Salaam, na tuliisikia sana hoja ile ile ya elimu. Msomaji unayeishi karibu na kisima, bomba au mgodi, tuandikie ulichokiona. Nafasi yako katika toleo lijalo tumeitenga.