Homoni Si Jina Lingine la Kansa

Huku Kenya, kuanzia Kinoo hadi Kangemi, kwenye saluni na mikutano ya chama, hukumu imeshatolewa: homoni ni kansa. Mama aliyekoma hedhi anaamka usiku wa manane shuka zimelowa jasho, asubuhi anafungua kibanda chake hajalala, na akitaja dawa za homoni anaambiwa avumilie tu. Binti yake naye anahimizwa aache sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu kabla haijamletea uvimbe.

Imani hii inawatesa wanawake bure.

Hofu hiyo ilipata nguvu Julai 2002, Marekani iliposimamisha mapema utafiti wa wanawake 16,608. Waliomeza homoni za estrojeni pamoja na projestini waliugua kansa ya matiti zaidi kuliko waliopewa vidonge visivyo na dawa. Kwa kiasi gani? Wagonjwa 8 zaidi kwa kila wanawake 10,000 kwa mwaka. Habari ikaenea duniani, hesabu ikaachwa nyuma. Likaachwa pia kundi la pili, la wanawake waliokwisha kutolewa kizazi, ambao walipewa estrojeni peke yake: miaka ilivyosonga, kansa ya matiti kwao ikaonekana kuwa pungufu.

Hatari ipo, na anayeificha anawadanganya kina mama. Mwaka 2019 jarida la Lancet lilichapisha uchambuzi mkubwa: mwanamke akianza estrojeni pamoja na projestini akiwa na miaka 50, azimeze kila siku kwa miaka 5, anaongezeka takriban mgonjwa 1 kwa kila watumiaji 50. Kadiri miaka inavyozidi, hatari nayo inapanda. Estrojeni peke yake kwa mwenye kizazi inaweza kuleta kansa ya ukuta wa kizazi; projestini huongezwa ili kuzuia hilo. Aliyewahi kuugua kansa ya matiti kwa kawaida hapewi kabisa. Basi swali la kumuuliza daktari ni homoni ipi, kwa nani, na kwa muda gani.

Kuhusu sindano, Wakenya wenyewe walichunguzwa. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliotolewa mwaka 1991, uliohusisha Kenya, Mexico na Thailand, ulikuta hatari ya kansa ya matiti imepanda kidogo kwa walioanza kuchomwa karibuni, wala haikuzidi kwa waliotumia muda mrefu. Sindano hiyohiyo inakinga kansa ya ukuta wa kizazi. Nani huko saluni hutaja hilo?

Wakati huohuo kansa ya shingo ya kizazi, ambayo huletwa na virusi vya HPV, inaua wanawake wapatao 3,000 nchini kila mwaka. Kipimo chake ni chepesi: muuguzi anapaka siki kwa pamba, anasubiri dakika moja, na panapogeuka peupe anajua pa kutibu mapema. Kipimo hicho hutolewa kwenye kliniki zilezile za uzazi wa mpango ambazo kina mama wanazikwepa kwa kuogopa homoni.