Wapigie hesabu karo kabla ya kuomba vyuo vya Marekani

MATOKEO ya KCSE yanapotangazwa, hakosekani mwanafunzi wa alama ya A ambaye tayari amejiona Harvard. Jamaa nao hujaa fahari, na huenda harambee ya nauli ikaanza kupangwa kabla ya yeyote kuuliza karo italipwa na nani.

Swali hilo ndilo lingepaswa kutangulia. Kwa Mkenya asiye na mali, alama humfikisha mlangoni tu. Mwanafunzi wa kigeni anayesomea shahada ya kwanza haruhusiwi kupata mikopo na misaada ya karo ya serikali kuu ya Marekani, hivyo tegemeo lake kubwa huwa hazina ya chuo chenyewe.

Hapo ndipo vyuo hutofautiana. Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst havitazami mfuko wa mwombaji vinapoamua kumpokea, hata akiwa mgeni, na humfidia anachopungukiwa. Lakini Harvard hupokea chini ya watano katika kila waombaji mia moja. Kuomba huko si kosa. Kosa ni kuomba huko pekee.

Grinnell, katika jimbo la Iowa, na Macalester, Minnesota, havitajwi sana mitaani Nairobi, ingawa Kofi Annan alihitimu Macalester mwaka 1961. Navyo hukidhi mahitaji yote ya kifedha ya mgeni vinayempokea. Hata hivyo, huangalia uwezo wa familia kabla ya kuamua, kwa hivyo anayehitaji pesa nyingi sharti awapiku wenzake kwa sifa. Baadhi ya wazazi hushawishika kudai wana uwezo wasiokuwa nao ili mtoto apokewe. Hila hiyo huwarudi wenyewe: chuo hutoa msaada mdogo kwa kuyaamini maelezo yao, na vingi havimruhusu mgeni kuja kuomba zaidi baadaye.

Berea, huko Kentucky, hakitozi karo kabisa na humpa kila mwanafunzi kazi chuoni, lakini nafasi zake kwa wageni ni chache mno.

Vyuo vikuu vya umma ndivyo huwaponza wengi, kwa kuwa neno 'umma' hapa nyumbani humaanisha nafuu. Berkeley humgharimu mgeni zaidi ya dola 70,000 kwa mwaka, yaani takriban Sh9 milioni, na hakuna msaada wa maana unaotolewa kwa kuzingatia umaskini wake. Wakala anayelipwa kamisheni na chuo hana sababu ya kulieleza hilo mapema.

Barua ya kupokewa pekee haimfikishi mtu uwanja wa ndege. Chuo hakitoi fomu ya I-20, ambayo bila hiyo viza ya masomo haipatikani, hadi kithibitishe kuwa pesa za mwaka wa kwanza zipo. Shamba likiuzwa kujaza pengo hilo, la mwaka wa pili halitakuwepo. Nazo saa 20 za kazi kwa wiki anazoruhusiwa chuoni wakati wa muhula humpa pesa za matumizi, si karo.

Aidha kuna kalenda. Vyuo vingi hufunga maombi mapema Januari, wakati uo huo ambapo matokeo ya KCSE yamekuwa yakitolewa miaka ya karibuni. Wengi hulazimika kusubiri mwaka mzima, muda unaotosha kukisaka chuo chenye pesa.