Tangawizi Haitibu Baridi Yabisi

Mtu akianza kuamka vidole vimevimba na kukakamaa, hata kifungo cha shati hawezi kukifunga, ushauri wa kwanza atakaopewa mtaani ni tangawizi. Ponda, chemsha, tia ndimu na asali, kunywa asubuhi na jioni. Baridi imekuingia kwenye mifupa, ataambiwa, na tangawizi ni ya moto, itaitoa. Ushauri huo hutolewa kwa upendo, na unalemaza watu.

Baridi yabisi hailetwi na kulala sakafuni wala kufulia maji ya baridi. Ni kinga ya mwili iliyomgeukia mwenyewe: inashambulia utando wa ndani ya kiungo, utando unavimba, kisha gegedu na mfupa vinaliwa. Wanawake huugua mara 2 hadi 3 zaidi ya wanaume. Madhara mengi huanza ndani ya miaka 2 ya mwanzo, miaka ileile tunayoimaliza tukichemsha mizizi, na kiungo kikishaliwa hakirudi.

Watetezi wa tangawizi hutaja utafiti. Ni kweli, maabara imeonyesha kwamba kemikali zake hupunguza uvimbe. Lakini utafiti mmoja wanaoutaja, wa Denmark wa mwaka 1992, ulikuwa na wagonjwa 56 tu, nusu yao ndio wenye baridi yabisi, na hapakuwa na kundi la kulinganisha nalo. Bila kundi hilo hujui kilichosaidia ni nini, kwa sababu ugonjwa huu hupanda na kushuka wenyewe. Ukishuka wiki ambayo mgonjwa anakunywa tangawizi, sifa zote zinakwenda kwenye kikombe, na ukoo mzima utasimuliwa.

Dawa ipo. Methotreksati humezwa mara moja kwa wiki, pamoja na asidi ya foliki, huku damu na ini vikipimwa. Mjamzito haruhusiwi kuitumia. Wengi huikimbia wakisikia inatibu pia saratani, ilhali kipimo cha baridi yabisi ni kidogo mno kuliko cha saratani. Tangawizi haijawahi kuthibitishwa kuzuia mfupa kuliwa. Methotreksati imethibitishwa kupunguza uharibifu huo.

Chai ya tangawizi mpikieni mgonjwa wenu, ni tamu. Ila kama viungo vimevimba kwa wiki kadhaa, na ukakamavu wa asubuhi unapita nusu saa, mpelekeni hospitali mwezi huuhuu. Akipewa vidonge vya maumivu tu na kuambiwa arudi nyumbani, msiondoke hapo: ombeni rufaa kwa daktari wa viungo.