Spesa ya Gurudumu ni ya Kurudisha, Si ya Kutanua

Busia ni jina moja lenye miji miwili. Mmoja uko Kenya, wa pili uko Uganda, na kati yao pana mpaka ambao watu huuvuka asubuhi kwenda sokoni na jioni kurejea makwao. Tarehe 24 Februari 2018 Marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni walikizindua rasmi kituo cha pamoja cha mpakani, ili msafiri na gari lake wakaguliwe mara moja tu, katika nchi wanayoingia. Kaskazini yake, katika Wilaya ya Tororo, kipo kivuko kingine, nacho ni Malaba. Kwa milango hii miwili hupita magari mengi yaliyokwisha tumika Japani, yakitoka bandari ya Mombasa kwenda Tororo, Mbale, Kampala na kwingineko.

Nchi hizi hazina kanuni moja juu ya umri wa magari hayo. Kenya hukataa gari lililozidi miaka 8, ilhali Uganda, kwa sheria ya mwaka 2018, ilipiga marufuku kuingiza yale yaliyofikia miaka 15 tangu kuundwa. Hivyo magari ya rika mbalimbali hukutana barabarani, na rimu zao hukutana katika maduka ya vipuri vilivyotumika. Mwenye gari huiona rimu ya alumini inayong'aa, bei yake nafuu, na matundu yake yanalingana na ya gari lake. Huinunua. Ikifungwa, kumbe inagusa breki kwa ndani. Hapo fundi hutoa dawa: kipande cha chuma cha mviringo, kinachotiwa kati ya habu na rimu, kiitwacho spesa.

Je, dawa hiyo ni salama kwa gari linalobeba mke, watoto na mzigo wa sokoni? Jibu hutegemea kazi iliyopewa spesa hiyo. Ikiwa imetiwa ili kulirudisha gurudumu mahali pale pale alipolikusudia muundaji wa gari, na ikiwa imefungwa sawasawa, madhara yake ni machache. Ikiwa imetiwa ili gurudumu litokeze nje, gari lipate sura ya ushujaa, hapo mwenye gari ameanza kuyanunua matatizo kwa fedha zake mwenyewe.

Ili kuyaelewa haya, yafaa kuijua namba moja iliyoandikwa mgongoni mwa rimu nyingi, yaani herufi ET na tarakimu baada yake. Herufi hizo ni kifupisho cha neno la Kijerumani. Namba hiyo huonyesha ni milimita ngapi kutoka mstari wa katikati ya upana wa rimu hadi uso unaokaa juu ya habu. Namba ikiwa kubwa, gurudumu huingia ndani ya gari. Ikiwa ndogo, hutoka nje. Kwa mfano, gari lililoundwa kwa rimu ya ET 35 likifungwa rimu yenye upana ule ule lakini ya ET 50, kila gurudumu litaingia ndani milimita 15. Spesa ya milimita 15 italirudisha mahali pake. Lakini spesa hiyo hiyo ikitiwa juu ya rimu ya ET 35, gurudumu litatokeza milimita 15, na upana baina ya magurudumu mawili utaongezeka milimita 30.

Rimu isiyo na namba hupimwa kwa futi ya fundi cherehani. Ilazwe kifudifudi, mgongo ukitazama juu, na ubao ulionyooka uwekwe juu ya kingo zake mbili. Pima kutoka kwenye ubao hadi uso unaokaa juu ya habu, kisha toa nusu ya upana wote wa rimu, kingo kwa kingo. Upana ukiwa milimita 200 na kina milimita 140, basi 140 kutoa 100 ni 40. Hiyo ni ET 40. Hesabu hii aiweza mtoto wa shule ya msingi, nayo huokoa fedha nyingi ikifanywa dukani kabla ya kulipa.

Matundu nayo yahesabiwe na kupimwa. Toyota Probox ina matundu 4 katika duara la milimita 100. Wish ya toleo la kwanza ina 5 katika duara hilo hilo, na Noah ina 5 katika duara la milimita 114.3. Rimu ya Noah haiingii kwenye Wish, na asidanganyike mtu kwamba nati zikilazimishwa zitakaa.

Gurudumu linapotokeza nje, mzigo wake hauangukii tena beringi kama ilivyokusudiwa, bali huivuta kama mtu abebaye ndoo kwa mkono ulionyooshwa. Beringi huchakaa mapema. Usukani huwa mzito, na gurudumu moja likipiga shimo au breki ikishika upande mmoja zaidi, gari huvutwa kwa nguvu kuelekea huko. Gari likijaa abiria na gunia la mahindi, tairi hukwaruza madigadi. Tope na mawe ya barabara za changarawe hurushwa juu ya bodi na kwa wapita njia.

Hata spesa ya kurudisha ina masharti. La kwanza ni urefu wa boliti. Magari mengi ya Toyota hutumia boliti ya milimita 12, ambayo nati yake husogea milimita moja na nusu kwa kila mzunguko. Kanuni ya mafundi ni kwamba nati ishike urefu usiopungua unene wa boliti, yaani mizunguko 8 kamili. Spesa ya bapa ya milimita 5 hula mizunguko zaidi ya 3. Nati iliyokuwa ikizunguka mara 10 sasa itabakiwa na mizunguko 6 na kitu, nayo haitoshi. Dawa yake ni kutia boliti ndefu zaidi. Kupanga washa mahali pa spesa ni jambo la kukataliwa kabisa, kwa kuwa rimu haipati uso wa kukalia.

Sharti la pili ni mdomo wa habu, ambao huishika rimu katikati. Spesa ikiumeza mdomo huo bila kuwa na wake, rimu hutegemea nati pekee, na gari huweza kutetemeka mwendo ukizidi. Sharti la tatu lahusu spesa nene zenye boliti zake zenyewe. Nati zinazoishika spesa hujificha nyuma ya rimu, wala hazionekani mpaka gurudumu livuliwe. Boliti za gari zikitokeza kupita uso wa spesa, rimu haitalala sawa. Fundi asizikate ili kuficha kosa. Atafute spesa inayofaa.

Spesa si kitu cha aibu. Porsche ya Ujerumani imewahi kuuza spesa zake yenyewe kwa magari yake. Lakini katika nchi hiyo hiyo, mwenye gari hawezi kujifungia spesa ovyo tu. Sharti iwe na idhini, na mara nyingi mkaguzi alitazame gari kwanza. Hilo ni funzo kwa askari ambaye ameweka kiinua mgongo chake katika HiAce ya abiria kati ya Busia na Tororo. Badiliko kama hilo aiarifu kampuni yake ya bima mapema, asingoje siku ya ajali. Na anayekabidhiwa gari la kazi asiliongezee chochote bila ruhusa ya karakana.

Siku ya kufunga, kutu isuguliwe kwa brashi ya waya hadi chuma kionekane, na pasipakwe rangi wala grisi kati ya nyuso. Nati zikazwe kwa zamu za kukabiliana. Kwa gari dogo la Toyota la aina ya Corolla, kiasi cha kukaza ni nyutoni-meta 103, sawa na uzito wa kilo 21 unaoning'inia kwenye ncha ya spana ya nusu meta. Kuirukia spana kwa buti huivuta boliti na kuidhoofisha. Baada ya mwendo wa kilometa 80 hadi 100, rimu zivuliwe, nati za ndani zikaguliwe, kisha zote zikazwe tena.

Nyumba yenye busara hulinganisha bei mbili: ya rimu zisizofaa pamoja na spesa, boliti na beringi zitakazofuata, na ya rimu zenye ET ya gari lenyewe. Mara nyingi ile ya pili ndiyo nafuu. Basi kabla ya safari, baba au mama asione haya kumwuliza fundi: "Fundi, ET ya rimu hii ni ngapi, na nati zimezunguka mara ngapi?" Fundi ajuaye kazi yake atajibu kwa tarakimu. Asiyejibu, funguo zisiachwe mikononi mwake.