Boriti Haidanganywi

Aliyeandika kwamba vyumba vyembamba vya Mji Mkongwe ni ushamba wa mafundi wa kale, na kwamba ukuta wa kati ubomolewe tu, hajapiga hesabu. Boriti za mikoko huruhusu upana wa kama mita 3, na juu yake imelala sakafu nzito ya mawe na chokaa. Zidisha upana huo maradufu, mzigo wa kila mita ubaki uleule: boriti ya unene uleule itanepa mara 16. Si mara mbili, bwana!

Na bomba la chuma analolibeza kama boriti, eti tupu ndani? Likiwa na kipenyo cha ndani nusu ya cha nje, uzito hupungua robo nzima kuliko chuma kilichojaa. Ukakamavu hupungua sehemu 1 tu kati ya 16. Kinachozuia kunepa ni chuma cha pembeni.