Nani Mkubwa Katika Kundi la Binti Yako?



Mwezi huu tumeona vema tuzungumze juu ya filamu, maana watoto wetu wanazitazama, tupende tusipende. Hapa Mikindani binti hana haja ya kwenda kwenye banda la video. Simu ya kaka yake yatosha. Miongoni mwa filamu hizo zipo za Kimarekani zinazochekesha juu ya maisha ya sekondari: wasichana watatu au wanne, wazuri, wenye nguo nzuri, wanaotawala shule nzima kwa jicho na ulimi. Mama akipita nyuma husikia kicheko, akadhani ni vichekesho vya kawaida. Akikaa dakika kumi atajiuliza: mbona wanachekea mauti?

Ziko mbili ambazo yafaa tuzijue. Ya kwanza ni Heathers, ya mwaka 1989. Wasichana watatu, wote wakiitwa Heather, wanatawala shule yao. Wa nne, Veronica, amejiunga nao ingawa moyoni hawapendi. Mkubwa wao huvaa kibanio chekundu cha nywele. Akifa, mwenzake anakitwaa kibanio kile na kuwa mkali vilevile. Kijana mgeni anamvuta Veronica katika mauaji, na kila kifo kinapangwa kionekane kama mtoto amejiua mwenyewe. Walimu na wanafunzi wanawasifu marehemu kwa wema ambao hawakuwa nao. Mtazamaji hucheka, kisha kicheko kikamkwama kooni, kwa kuwa anaona jinsi watu wazima walivyo vipofu.

Ya pili ni Mean Girls, ya mwaka 2004. Aliyeiongoza, Mark Waters, ni ndugu wa Daniel Waters aliyeiandika ile ya kwanza. Cady amekulia Afrika na wazazi wanaochunguza wanyama, na anaingia shule kwa mara ya kwanza akiwa na miaka 16. (Filamu hiyo ilipotengenezwa upya mwaka 2024, ilielezwa kuwa ametoka Kenya.) Anaingia kundi la wasichana wenye amri zao: Jumatano sharti wavae rangi ya waridi, na wanalo daftari la kuwaandikia wenzao matusi. Anaingia ili awachunguze, na polepole anakuwa mmoja wao. Tina Fey aliiandika filamu hiyo kutokana na kitabu cha Rosalind Wiseman cha mwaka 2002. Kitabu chenyewe hakikuwa cha kuchekesha. Kiliandikwa ili kuwasaidia wazazi wayaelewe makundi ya mabinti zao.

Sasa tuwatazame wazazi waliomo. Mama wa Regina, kiongozi wa kundi hilo, huvaa kama msichana na kutaka awe shoga wa binti yake. Yuko tayari hata kuwaruhusu pombe, mradi wainywee nyumbani. Wazazi wa Veronica humwuliza mtoto wao maneno yaleyale kila siku, wala hawasikilizi jibu. Mmoja amejigeuza rika la mwanawe, wengine wapo kama hawapo. Penye kundi la watoto lisilo na mtu mzima, yule aliye mkali kuliko wote huketi kwenye kiti cha mkubwa.

Sisi wa kusini hatuhitaji kufundishwa na Marekani rika ni nini. Wamakonde, Wamakua na Wayao wanajua kwamba watoto walioingia jandoni au unyagoni pamoja hubaki na undugu maisha yao yote. Lakini kando ya watoto wale walikuwapo wakubwa wa kuwafunda. Askofu Vincent Lucas wa Kanisa la Anglikana, aliyeongoza Dayosisi ya Masasi toka 1926 hadi 1944, aliliona jambo hilo. Badala ya kulipiga jando marufuku, alilifanya liwe la Kikristo, lenye sala na mafundisho ya Kanisa, na kuondoa yasiyofaa. Wapo waliombishia, na mjadala huo haujaisha. Hata hivyo alitambua kwamba rika halifutiki. Mtoto atakuwa na wenzake, na kinachobaki kuulizwa ni kama mkubwa yumo.

Leo wenzake wako shuleni. Tangu mwaka 2016, ada ilipofutwa katika shule za serikali hadi kidato cha nne, mlango wa sekondari umefunguka kwa watoto wa wavuvi na wa wakulima wa korosho. Tunamshukuru Mungu kwa hilo. Lakini huko binti akiambiwa na wenzake kwamba asiye na "mtu" bado ni mtoto mdogo, atafanya nini? Akiogopa kutengwa, atakubali lifti ya bodaboda, kisha simu, kisha mimba. Ni kweli kwamba tangu Novemba 2021 serikali inamruhusu aliyejifungua kurudi masomoni. Hata hivyo anarudi akiwa na mtoto mgongoni, na wale waliomsukuma ndio wa kwanza kumcheka.

Biblia inatupa mifano miwili. Mfalme Rehoboamu, katika 1 Wafalme 12, aliliacha shauri la wazee akafuata la vijana waliokua pamoja naye, na ufalme ukagawanyika. Danieli na wenzake watatu, nao vijana walio mbali na nyumbani, walitiwa katika masomo ya miaka mitatu Babeli; wao waliungana katika kukataa. Kwa hiyo kundi si dhambi. Kundi laweza kumwangusha mtoto, na laweza kumshika asianguke.

Basi tufanye nini?

Kwanza, tutazame pamoja nao. Filamu ya Heathers ina matusi, bunduki na habari za kujiua. Si ya mtoto mdogo, wala si ya binti kuitazama peke yake usiku. Na mtoto yeyote akisema afadhali afe, tusidhani ni utani wa filamu. Tuketi naye, tumwulize waziwazi, tusimwache peke yake, na tumpeleke kwa mganga hospitalini siku hiyohiyo.

Pili, tuwajue rafiki zake kwa majina. Waje nyumbani, wamenye mihogo, wale, nasi tukiwa papo hapo jikoni.

Tatu, tumtafutie somo: shangazi, au msimamizi wake wa ubatizo, mtu ambaye binti ataweza kumwambia lile asilothubutu kumwambia mama. Wazee wetu hawakuwa wajinga walipomwachia mtu mwingine kazi hiyo.

Nne, tusiulize tu, "Nani anakuonea?" Tuulize pia, "Nani hamchezi naye?" Huenda anayewatesa wengine ni wetu.

Tena tujitazame wenyewe. Ikipangwa sare ya kitenge kwa harusi au kwa kwaya, yule mama aliyekosa fedha tunamsemaje njiani turudipo, binti zetu wakiwa nyuma yetu wanasikiliza? Jumatano ya rangi ya waridi haiko Marekani tu.

Mwishoni mwa Heathers, Veronica anakitwaa kile kibanio chekundu na kutangaza kwamba utawala umebadilika. Halafu anamwendea Martha, msichana mnene ambaye shule nzima ilimcheka hadi akajaribu kujiua, na kumwalika wakatazame video pamoja. Mama, ukiketi na binti yako kuitazama filamu hiyo, isimamishe hapo. Mwulize: katika shule yenu, Martha ni nani?

Mungu awape hekima na uvumilivu. Tukutane mwezi ujao.