Gitaa la zamani: usiogope ufa, ogopa shingo

Jamani, kuna neno linauza sana mjini siku hizi: "la zamani". Kamera za zamani, santuri za zamani, na sasa magitaa. Ukilalamika bei kubwa, muuzaji anakujibu, "Kaka, hili ni la zamani, hawatengenezi tena haya." Kana kwamba kuzeeka ni ufundi! Mimi nasema hapana. Gitaa la klasiki, yaani lile la nyuzi za nailoni, halipandi thamani kwa kuishi miaka mingi tu, na sisi vijana tulioanza kushika vijisenti tunaliwa hapo hapo.

Nadhani watu wanalichanganya gitaa na fidla. Fidla ya miaka 300 bado inapigwa majukwaani. Gitaa ni kiumbe kingine. Ubao wake wa mbele, ule wenye tundu, una unene wa milimita mbili na kitu, na nyuzi sita za nailoni zinauvuta kwa nguvu ya kilo kama 40, usiku na mchana. Unachoka. Andrés Segovia, Mhispania aliyeliingiza gitaa hili kwenye kumbi kubwa za dunia, alikuwa na gitaa la mwaka 1937, kazi ya fundi wa Kijerumani Hermann Hauser. Alilipiga miaka kama 25, kisha akahamia kwenye mapya. Lile la Hauser leo lipo Metropolitan Museum, New York. Kama Segovia hakuona haya kubadilisha, wewe unauabudu uzee kwa nini?

Kinachoimba ni ule ubao wa mbele. Antonio de Torres, fundi wa Kihispania aliyelipa gitaa hili umbo tunalolijua, alilithibitisha hilo mwaka 1862. Alitengeneza gitaa ambalo mgongo na ubavu wake ni karatasi ngumu, ubao wa mbele tu ndio wa mbao nzuri. Lipo Barcelona, kwenye makumbusho ya muziki. Kwa hiyo muuzaji akianza kuusifia mgongo, "huu ni mti wa Brazil huu, tazama rangi", tulia. Ni mti mzuri kweli, tena ni jamii moja na mpingo wetu. Lakini tangu 1992 biashara yake ya kimataifa imebanwa na mkataba wa CITES, na gitaa lenye mti huo kulivusha mpaka bila vibali ni kujitafutia kesi. Ongezeko la bei unalolipa hapo linaweza kuwa tatizo unalolinunua.

Sasa nije kwenye langu. Gitaa ninalolitolea macho lipo kwa muuzaji wa mitumba hapa Dar. Lebo ya ndani inasema GDR, yaani Ujerumani Mashariki, nchi iliyokufa 1990, kwa hiyo umri wake haubishaniwi. Anataka laki nane. Kwa mwandishi wa gazeti hiyo si hela ya mchezo. Na lina ufa mbele, urefu wa kidole. Rafiki niliyekwenda naye alipouona tu akanivuta shati, "Twende zetu, limekufa hilo."

Halijafa. Ufa hutokea mbao ikikauka na kusinyaa. Fundi mwenye mkono mzuri huuziba kwa gundi, akabandika vipande vidogo vya mbao kwa ndani, na gitaa likaendelea na maisha. Magitaa ya heshima kabisa yana nyufa zilizotibiwa.

Shingo ndiyo habari nyingine. Magitaa mengi ya klasiki ya zamani hayana ile fimbo ya chuma ndani ya shingo inayokazwa kuinyoosha. Shingo ikipinda, fundi anaingia kubandua na kuchonga, na gharama inaweza kuzidi bei ya gitaa. Linyanyue, weka jicho kichwani mwake, tazama kuelekea chini kama seremala anavyokagua mbao. Kisha chukua rula, pima nafasi kati ya uzi na freti ya 12. Uzi mnene uwe juu kwa milimita 4 hivi, mwembamba 3. Ukikuta 6, usikimbie kwanza. Tazama kile kipande cha mfupa nyuzi zinapolalia kwenye daraja. Kama kimesimama juu vizuri, kitasuguliwa na nyuzi zitashuka. Kama kimeshasuguliwa mpaka karibu sawa na mbao, na nyuzi bado ziko juu, hapo aga kwa heshima.

Halafu kuna ugonjwa wetu wenyewe: nyuzi za chuma. Nailoni zikikosekana dukani, mtu anafunga za chuma, "si nyuzi tu". Si nyuzi tu! Seti ya chuma huvuta kilo 70 hivi, na ubao wa nailoni haukujengwa kwa mzigo huo. Daraja linaanza kubanduka, tumbo linavimba nyuma yake. Chukua kipande cha karatasi, jaribu kukipenyeza chini ya ukingo wa nyuma wa daraja. Kikiingia, limeshaanza kuachia. Ndani chungulia kwa tochi ya simu na kioo kidogo, maana kuna vijiti vimebandikwa kushikilia ubao. Gonga taratibu kwa kidole kama unavyogonga tikiti maji. Kikisikika kitu kinacheza, kijiti kimeachia. Mafundi wengi wa zamani walitumia gundi ya ngozi za wanyama, na joto na unyevu wa pwani havielewani nayo. (Wanaoacha gitaa kwenye buti ya gari, Dar, mchana, sina la kuwaambia.)

La GDR nimelipima. Shingo imenyooka, milimita 4 na kidogo, karatasi haikupenya. Noti za juu kwenye nyuzi nyembamba hazijafa, na hapo ndipo ubao uliochoka hujulikana upesi. Nimetaja laki tano, kwa sababu ufa una gharama yake na GDR ni lebo tu. Amekataa. Laki sita nitafika, zaidi ya hapo hapana, hata aniletee pasipoti ya Mjerumani aliyeliacha.

Na yeyote atakayelinunua, iwe mimi au mwingine, nailoni zikikosekana mtaani aagize, gitaa likae bila nyuzi mpaka zifike.